Plagi za Bei Mbaya

Gari la Kinyozi liliitwa Kobe, na aliyempa jina hilo ni mkewe. Si kwamba alilidharau gari, la hasha, alimpenda. Ila kila walipofika kwenye mlima wa hospitali, gari likaanza kuhema na kukokota, mke alikuwa akipapasa dashibodi kama mtu anayembembeleza mtoto ale. "Twende Kobe, twende baba, usituaibishe mbele za watu." Kinyozi alikuwa akicheka mpaka anakosea gia.

Sasa mke hayupo na Kobe yupo. Hebu fikiria. Kikuukuu kile, mlango mmoja umepakwa rangi kwa brashi, asubuhi kikipigwa ufunguo kinawaka bila kinyongo. Kinyozi alikuwa akikitazama dirishani huku anapiga mswaki, wala hakukichukia. Hakuchukia kitu, hakupenda kitu. Alikuwa kama mkono uliolaliwa vibaya: upo, unauona ni wako, lakini ukiufinya hausikii.

Kazini alikwenda. Vichwa alivinyoa vizuri tu, pengine kuliko zamani, maana zamani alikuwa na domo, hadithi moja kichwa kimoja, na wakati mwingine hadithi ikinoga upande mmoja unapungua kuliko mwingine. Siku hizi kimya. Mteja anakaa, anafungwa kitambaa, mashine inanguruma, mteja anainuka. Walimlipa haraka na kutoka, kama watu waliotoka kwa daktari wa meno.

Kifo chenyewe kilikuja hivi. Mkewe alikuwa na pumu tangu utotoni, wamezoeana nayo, inakuja na inaondoka. Alasiri moja ikambana na ikakataa kuachia, na kile kidude cha kuvutia dawa kikawa kazi bure. Kinyozi aliacha kichwa cha mtu nusu kimenyolewa, akakimbia nyumbani, akamwingiza garini. Wakampigia simu mdogo wake mke, mshonaji wa mtaa wa pili, aje wafuatane. Wakamsubiri langoni, akaja anakimbia, futi ya kupimia nguo ingali shingoni, akaingia nyuma akampakata dada yake, wakaondoka. Mlimani Kobe akakokota. "Kanyaga mafuta, shemeji! Kanyaga!" Mshonaji alikuwa akipiga kelele, na mafuta yalishakanyagwa mpaka kwenye zulia. Walipofika mapokezi, muuguzi alimshika mgonjwa shingoni, akamshika tena, akawatazama. "Mmechelewa kidogo," alisema.

Kidogo! Heri angesema wamechelewa sana. Sana ni kazi ya Mungu, mtu anainamisha kichwa anapokea. Lakini kidogo lazima kiwe cha mtu. Mtu fulani, mahali fulani, alikidondosha.

Na Mshonaji alishampata mwenyewe. Msibani palepale, watu wamejaa uani kwenye mikeka na viti vya kuazima, alisimama akamnyooshea Kinyozi kidole. "Ubahili umemuua dada yangu! Angefunga plagi za gari alizoambiwa, dada angekuwa hai!" Watu wakatazama miguu yao. Kinyozi naye akatazama miguu yake. Wengine wakasema ni ustaarabu. Haukuwa ustaarabu.

Maana habari ya plagi ilikuwa kweli. Siku si nyingi kabla ya hapo, Kinyozi, mkewe na Mshonaji walikuwa pamoja kwenye duka la vipuri. Kobe alikuwa amechoka plagi, asubuhi anakohoa na kurukaruka kabla ya kutulia. Muuza vipuri, mtu mwenye maneno kama anapiga mnada, aliweka boksi mbili kaunta. Hizi za kawaida. Na hizi hapa za iridiamu, ncha nyembamba kama sindano, bei mbaya lakini ukizifunga gari inapaa. "Mlima utausikia kwa watu tu," alisema. Mke akazichukua, akazigeuzageuza mkononi. "Tuchukue hizi, mume wangu. Mlima ule unatutesa." Na Kinyozi, kwa domo lake la siku zile, akajibu, "Kobe hata umvalishe viatu vya mbio ni Kobe tu." Wakacheka wote, Mshonaji mwenyewe alijishika mbavu. Wakaondoka na za kawaida.

Utani ule ndio uliombaki. Alikuwa akiusikia kwa sauti yake mwenyewe anaponyoa, anapokula, anapofunga viatu. Haukumuuma. Ulikuwa ukipita tu, kama tangazo la redio ya jirani.

Siku moja kwenye kibanda chake cha kunyolea mada ikazuka, maana wanaume wakikaa wanasubiri zamu hawakosi la kubishania. Dereva wa teksi alikuwa kwenye kiti, povu shingoni, anaapa kwamba tangu afunge plagi za iridiamu gari lake limekuwa jingine, linavuta kama limezaliwa jana. Jamaa aliyekuwa kwenye benchi akamcheka. "Wamekula hela zako. Ulizotoa zilikuwa zimekufa, ndugu yangu. Ungefunga hata za dukani kwa bibi yako ungeona inavuta."

"Wewe una gari?"

"Sina, lakini nina akili."

Kibanda chote kikaangua kicheko. Kisha mmoja mmoja wakakumbuka kichwa cha dereva kimeshikwa na nani, na kicheko kikakatika kama redio iliyozimwa.  Wembe ulikuwa shingoni mwa dereva, na nadhani hajawahi kukaa wima kiasi kile maishani mwake.

"Endelea," alisema Kinyozi. "Nasikiliza."

Jamaa wa benchi akageukia habari za mpira. Ila jioni, alipofunga mlango, Kinyozi hakwenda nyumbani. Alikwenda gereji na Kobe.

Fundi alikuwa chini ya gari la mtu, miguu tu ndiyo iliyoonekana, kandambili moja ya bluu na nyingine ya kijani. Kinyozi alizungumza na miguu.

"Fundi, nina swali. Plagi za bei mbaya zinaongeza nguvu kweli?"

Miguu ikatulia. "Swali lako ni la plagi au la marehemu?"

"La plagi."

"La plagi nitakujibu. La pili silijui." Fundi akajivuta akatoka, mtu mnene mwenye grisi mpaka kwenye nyusi, akajifuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono.  Alifungua boneti ya Kobe, akachukua spana ya plagi, akatoa plagi moja na kuipeleka kwenye mwanga. "Tazama ncha. Ingekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, ningesema injini inakula mafuta bila kuyachoma. Ingekuwa nyeupe, ningesema inaungua. Hii ni rangi ya biskuti. Plagi yenye rangi hii inafanya kazi yake, haina deni na mtu."

"Na zile nyingine?"

"Zile zinakaa muda mrefu, ndiyo sifa yake. Plagi ni kiberiti, ndugu yangu. Ukiinjika maji, mkaa ni uleule, jiko ni lilelile, hata ukiwashia kiberiti cha dhahabu yatachemka vilevile. Injini ya Kobe ni ndogo, mlima ni mkubwa. Basi."

Kinyozi alisubiri nafuu ije. Alisimama pale na mikono mfukoni akiisubiri kabisa, kama mtu anayesubiri kupiga chafya. Haikuja. Kidogo cha yule muuguzi kiliendelea kuning'inia hewani bila mwenyewe.

"Shemeji yangu hatakuamini," alisema.

"Mlete aone."

Mshonaji alimpokea bila kuinua macho kwenye cherehani. Tangu msiba hawakuwa wamesemezana. Alikuwa amekonda, nguo aliyoishona mwenyewe inamning'inia mabegani, na ulimi wake ule wa kukata na kushona siku hiyo ulikuwa umelala. Kinyozi alisema alilokuja kusema: fundi anasema hazina tofauti.

"Fundi ni rafiki yako."

"Ndiyo maana nimekuja. Twende ukaone mwenyewe. Tupande na hizi zilizomo, halafu tufunge za bei tupande tena."

Cherehani ikasimama. Mshonaji alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja akazichoma kwenye mto wake. "Nitakaa palepale nilipokaa," alisema.

Na kweli alikuja gereji, alasiri, saa za jua lile la siku ile. Futi yake shingoni, maana huyo futi haivui, analala nayo nadhani. Kinyozi alikuwa ameshanunua plagi za iridiamu kwa muuza vipuri, ambaye safari hii hakusema hata neno moja la mnada. Fundi akawatazama wawili hao walivyosimama mbalimbali, akajikuna shingo.

"Siku ile mlikuwa watatu," alisema polepole. "Kama mnataka jibu la haki, uzito lazima uwe uleule. Samahani, lakini ndivyo kazi ilivyo."

 Fundi akaenda kwenye rundo la mchanga wa ujenzi nyuma ya gereji, akajaza gunia, akalifunga, akaja nalo begani, akaliweka kiti cha nyuma. Mshonaji akaingia, akalishika gunia kwa mikono miwili, akalisogeza kidogo, akalisogeza tena. Kisha akasema, kwa sauti ya kazini kabisa, "Punguza. Alikuwa mwepesi kuliko hivi. Nguo zake zote nilishona mimi."

Fundi akapunguza. Akateka kwa kikopo, kimoja kimoja, mpaka Mshonaji akasema basi. Jamani, mimi nisingeweza kusimama pale. Kinyozi alisimama, akatazama mchanga ukitoka, na ndani yake hakuna hata kilichotikisika.

Wakaondoka. Barabara ile inaanza kwa ulaghai, tambarare, maduka huku na huku, halafu baada ya kona mlima unakuja mzima mzima kama ukuta. Kobe akaingia na gia ya tatu, akahema, akaanza kukokota. Juu kidogo kuna bango la duka la magodoro, mwanamke amelala anatabasamu. Kobe alipofika chini ya bango akatetemeka, na Kinyozi akaingiza gia ya pili. Kwenye kona gunia likaegemea upande, Mshonaji akalizungushia mkono likatulia. Wakapanda hivyo mpaka lango la hospitali, wakageuza, wakarudi. 

Gereji walikaa kwenye benchi moja, mmoja huku, mmoja kule, wakisubiri injini ipoe. Fundi akafungua plagi, akazipanga kwenye tambara, zote rangi ya biskuti, akafunga mpya moja baada ya nyingine, akikaza kwa mkono kwanza kisha kwa spana kama mtu anayefunga kifungo cha shati la mgeni. Mshonaji akasimama kumwangalia, hakutaka kupitwa hata na moja. Fundi akawasha. Kobe akanguruma, vilevile.

Wakapanda tena. Tambarare, maduka, kona. Kinyozi alikanyaga mafuta mpaka kwenye zulia. Na hapa, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kuna kitu alikitaka, naye alikijua akashangaa: alitaka Kobe avute. Alitaka apite bango kwa gia ya tatu, apae kama alivyoahidiwa, ili ajue. Akiwa muuaji, basi ni muuaji, ana jina, ana pa kuanzia kulia. Twende Kobe, alisema moyoni. Twende baba.

Kobe akafika chini ya mwanamke wa magodoro, akatetemeka. Gia ya pili.

Langoni Kinyozi alizima gari. Watu walikuwa wakiingia na kutoka, na vyakula kwenye vyombo, na blanketi kwapani. Basi, ameshinda. Hakuna wa kumnyooshea kidole tena, angeweza kwenda kulala. Alikaa na ushindi wake mikononi na hakujua pa kuuweka.

"Palepale," alisema Mshonaji nyuma yake.

"Palepale."

"Kwenye bango."

"Ndiyo."

Kinyozi aliinua macho kwenye kioo cha ndani. Mshonaji alikuwa bado amelikumbatia gunia, lakini mkono mmoja ulikuwa umepanda shingoni, umeshika futi, unaivuta polepole upande mmoja halafu upande wa pili. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Shemeji," alisema, na sauti haikuwa ile ya msibani. "Siku ile. Mlinisubiri sana?"

Hapo Kinyozi akaelewa, na akaona aibu kwamba hakuelewa mapema. Simu ile alikuwa ameishika yeye, ameiweka sauti ya nje ili mgonjwa asikie. Msiondoke bila mimi, alisema Mshonaji, namalizia kumpima mteja mmoja tu, nakuja. Na mkewe, pumzi zinamwishia, akainua kidole kumwambia mumewe tumsubiri mdogo wangu. Wakasubiri kwenye lango la nyumbani, Kobe ananguruma bure, Kinyozi anatazama mwisho wa mtaa. Hakuwahi kulifikiria hilo kama kosa. Nani angelifikiria? Mteja mmoja, nguo moja. Lakini Mshonaji alilifikiria, kumbe alilifikiria kila siku iliyopita tangu hapo, na plagi ndizo zilizokuwa zimesimama mlangoni kulizuia lisiingie ndani. Na yeye Kinyozi ndiye aliyemleta mpaka hapa, na gunia la mchanga, kuja kuziondoa.

Akageuka kwenye kiti, akamtazama usoni.

"Hata kidogo," alisema. "Ulipofika ndio kwanza nilikuwa nimepata ufunguo na kuwasha."

"Usinidanganye, shemeji."

"Ufunguo ulikuwa chini ya mto. Na jambo jingine. Wewe uko nyuma, huwezi kusikia, wala hujawahi kushika usukani. Mimi mguu wangu unaijua gari hii. Safari hii imevuta."

"Gia umebadilisha palepale."

"Nimebadilisha kwa mazoea, mkono umeshazoea lile bango. Ilikuwa bado ina nguvu. Ningeiacha ingepita. Dada yako alisema kweli. Nilipaswa kuchukua zile alizozishika. Nilifanya mzaha."

Mshonaji alimkodolea macho. Kinyozi hakuyakwepa, aliyapokea wazi kabisa, na alijua anachokitoa, maana akishakisema hakirudi. Taratibu rangi ikamrudia Mshonaji usoni, na pamoja na rangi hasira, na pamoja na hasira machozi.

"Nilisema!" alipiga kelele, akapiga mgongo wa kiti kwa ngumi. "Nilisema mimi! Ulicheka! Dada anakuambia, wewe unacheka! Unajua alivyokuwa anapenda hii takataka yako?" Akalia kwa sauti, akiinamia gunia, walinzi wa lango wakageuka kutazama kisha wakageukia pembeni, wamezoea. Akamtukana tangu langoni, mlima mzima kushuka, mpaka kwenye maduka. Bahili. Mchekaji. Mtu asiye na moyo.

Na kila neno lilimuuma Kinyozi. Hilo ndilo la ajabu. Lilimuuma pale linapogonga, kama mkono unaporudiwa na damu na kuanza kuchoma, na mbele ya maduka barabara ikaanza kumyumbia machoni, ikabidi apunguze mwendo asije akagonga mtu. Mkewe amekufa. Alilia bila sauti, akiendesha, huku anatukanwa.

Gereji Fundi alikuwa akiwangojea mlangoni, plagi za rangi ya biskuti amezifunga kwenye gazeti, tayari kuzirudisha mahali pake. "Enhe? Si niliwaambia?"

Mshonaji akatoa kichwa dirishani, macho yamevimba. "Ulituambia nini? Imevuta! Shemeji mwenyewe amekiri. Na wewe ulisema hazina tofauti, fundi gani wewe?"

Fundi akamtazama Kinyozi. Kinyozi hakujifuta uso wala hakutikisa kichwa. Alimtazama tu, mikono yote miwili kwenye usukani. Fundi akatazama gunia lililolowa upande mmoja, kisha futi iliyokuwa imelegea shingoni mwa Mshonaji. Akalitia lile gazeti mfukoni, mtu aliyefungua na kufunga injini tangu ujana wake, anayejua rangi ya kila plagi.

"Basi nilikosea, dada yangu," alisema. "Hata sisi mafundi tunakosea."

Akafungua mlango wa nyuma, akalikumbatia gunia kwa mikono miwili, akalitoa polepole.